SOMO LA KIINGEREZA: Unalijua Neno, au Unalijua kwa Sura Tu?



Somo hili si la wale wanaoanza leo kusema "Good morning". Ni lako wewe uliyemaliza kozi ya kwanza na ya pili, unayesoma tangazo ubaoni ukapata maana, unayemjibu muuguzi kwa maneno badala ya kutikisa kichwa. Wengi wenu mnatuletea lalamiko moja: "Mwalimu, mwaka wa kwanza nilikwenda mbio, sasa nimesimama. Maneno hayaongezeki." Wengine wameanza kunakili kamusi kutoka herufi A. Wakifika C wamechoka.

Anayeanza anahitaji maneno mengi kwa haraka. Wewe uliyefika katikati unahitaji jambo jingine kwanza: kuyajua vizuri maneno ambayo unadhani tayari unayajua. Kuna kumjua mtu kwa sura, na kuna kumjua kwa tabia yake, jamaa zake na rafiki zake. Neno nalo ni hivyo. Aliyejuana nalo kwa sura tu, siku ya shida litamwacha njiani.

NENO MOJA LILILONIGHARIMU

Nitoe mfano wangu mwenyewe, usije ukafikiri nakusema wewe.

Siku niliyohojiwa nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimemaliza sekondari kwetu Kongo, kwa Kifaransa, na Kiingereza nilikuwa nacho cha shule. Waliniuliza kama nataka mkalimani. Nikasema hapana, kwa kiburi cha ujana. Tulipofika kwenye habari za kaka yangu mkubwa, ambaye tuliachana naye njiani usiku wa pili, nilitaka kusema kwamba huenda amekufa, sijui. Kwa Kifaransa "huenda" nililizoea kama éventuellement. Nikasema: "Eventually, my brother is dead."

Afisa aliinamisha kichwa, akasema "I am sorry", akaandika. Nilifurahi kwamba nimeeleweka.

Miaka miwili baadaye kaka yangu alipiga simu. Alikuwa hai, katika kambi nyingine. Nilipokwenda kuomba aunganishwe na faili langu, niliambiwa: "Faili lako linasema ndugu huyu alifariki. Wewe mwenyewe ulisema." Maana "eventually" kwa Kiingereza si "huenda". Ni "hatimaye", "mwishowe". Nilikuwa nimesema: mwishowe kaka yangu alikufa. Kusahihisha neno hilo moja kulichukua miezi 14.

Neno lile nilikuwa nalijua? Nilikuwa nalijua kwa sura.

SEHEMU YA KWANZA: MANENO YANAYOFANANA NA KIFARANSA

Sisi tuliosoma Kongo kwa Kifaransa tukaja Uganda, nchi ambayo shule na ofisi zake zinatumia Kiingereza, tuna mali ambayo hatukuitafuta. Maelfu ya maneno ya Kiingereza yalitoka Kifaransa. Mwaka 1066 mtawala wa Normandie, kaskazini mwa Ufaransa, aliivamia Uingereza na kuwa mfalme wake. Kwetu darasani aliitwa Guillaume. Waingereza humwita William. Kuanzia hapo wakubwa wa nchi ile, mahakimu wake na makarani wake walitumia Kifaransa muda mrefu. Mwaka 1362 ndipo ilipotolewa sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza. Kwa hiyo maneno ya serikali na mahakama yana sura tunayoijua: "government", "court", "judge", "justice", "prison", "marriage".

Lakini tangu wakati huo imepita zaidi ya miaka 900. Maneno hayo ni kama watoto wa mama mmoja waliolelewa katika nchi mbili. Sura imebaki moja, tabia zimeachana. Haya ndiyo yanayotuponza zaidi katika mahojiano na barua:

1. "Eventually". Kifaransa éventuellement ni huenda, ikitokea. Kiingereza ni hatimaye. Kwa "huenda" tumia "perhaps", "maybe" au "possibly".

2. "Assist". Kifaransa assister à ni kuwapo mahali na kuona. Kiingereza ni kusaidia. Mtu aliyeona kijiji chake kikishambuliwa akisema "I assisted the attack", amejitia mwenyewe miongoni mwa washambuliaji. Sema "I witnessed the attack" au "I saw the attack". Kwa mkutano au darasa, sema "I attended".

3. "Ignore". J'ignore ni sijui. "I ignore" ni ninapuuza, ninafanya kama sioni. Mama akisema "I ignore where my husband is", anasikika kama mke asiyejali. Sema "I do not know where my husband is".

4. "Inhabited". Kifaransa inhabité ni pahali pasipo na watu. Kiingereza ni kinyume chake kabisa: watu wanaishi pale. Ukisema "Our village is now inhabited", umesema kijiji kina watu, na anayekusikiliza anaweza kujiuliza kwa nini wewe hukurudi. Sema "uninhabited" au "empty".

5. "Injure". Kifaransa injurier ni kutukana. Kiingereza ni kujeruhi. "They injured my father" ni walimjeruhi baba. Kama walimtukana, sema "They insulted my father".

6. "Parents". Kifaransa hukubali neno hili kwa ndugu wote wa damu. Kiingereza ni baba na mama tu. Kwa wengine sema "relatives".

7. "Rest". Kifaransa rester ni kubaki. Kiingereza ni kupumzika. "We rested in the church for 3 days" ni tulipumzika kanisani siku 3. Kama mlikuwa mmejificha mle, sema "We stayed" au "We hid".

8. "Pretend". Kifaransa prétendre ni kudai kwamba. Kiingereza ni kujifanya. "I pretend to be a nurse" ni najifanya muuguzi, na kazi hupati.

9. "Demand". Kifaransa demander ni kuomba au kuuliza. Kiingereza ni kudai kwa nguvu. Katika barua ya heshima andika "I would like to request" au "I am writing to ask for".

10. "Deceive". Kifaransa décevoir ni kumvunja mtu moyo. Kiingereza ni kumdanganya. "The office deceived me" ni shtaka. Kama ulivunjika moyo tu, sema "I was disappointed".

11. "Actually". Kifaransa actuellement ni kwa sasa. Kiingereza ni kwa kweli, kusema kweli. Kwa "sasa" tumia "now" au "at present".

12. "Diploma". Diplôme d'État ya Kongo ni cheti cha kumaliza sekondari. Hapa Uganda "diploma" ni masomo ya baada ya sekondari. Katika fomu andika "secondary school leaving certificate", kisha utaje jina la Kifaransa lilivyo kwenye karatasi yako.

Usiogope sasa kila neno linalofanana. Mengi ni rafiki wa kweli: "population", "information", "danger", "possible", "family". Kanuni ni hii: neno likifanana na Kifaransa, lipokee kwa furaha, lakini lihakikishe katika kamusi kabla ya kulitumia kwa jambo zito.

SEHEMU YA PILI: NDUGU, MAYATIMA NA MAREHEMU

Kifaransa si peke yake. Kiswahili chetu na mila zetu pia vinatuingiza katika makosa, hasa tunapotaja jamaa. Kwetu mtoto wa marehemu kaka yangu ni mtoto wangu, na hakuna anayeniuliza. Katika faili, "my son" ni uliyemzaa au uliyemwasili kisheria. Ukiandika "son", halafu siku nyingine ukasema baba yake ni kaka yako, utaonekana umedanganya, kumbe ulisema kwa upendo. Sema ukweli wote, kwa neno lake.

Mtoto wa kaka au dada: wa kiume "nephew", wa kike "niece". Baba mdogo, baba mkubwa na mjomba: wote "uncle". Mama mdogo, mama mkubwa na shangazi: wote "aunt". Ikiwa upande ni muhimu, "paternal" ni wa baba na "maternal" ni wa mama. Mtoto wa baba mdogo si "brother", ni "cousin". Mliochangia baba tu au mama tu ni "half-brother" na "half-sister". Baba wa kambo ni "stepfather". Mlezi ni "guardian". Mtoto unayemlea bila kumzaa ni "foster child".

Yako maneno mawili ya watoto ambayo wafanyakazi huyatumia kila siku. "Unaccompanied child" ni mtoto aliyetengana na wazazi wake wote wawili na jamaa wengine, wala hana mtu mzima mwenye wajibu wa kumtunza. "Separated child" ametengana na wazazi, lakini huenda yuko na jamaa mwingine, kama bibi au shangazi. Kama unamlea mtoto wa dada yako, taja neno la pili, ueleze na ukoo wenu.

Neno la mwisho hapa ni "late". "My late husband" ni marehemu mume wangu. Lakini "My husband is late" kwa mtu wa Ulaya ni mume wangu amechelewa. Hapa Afrika Mashariki wengi watakuelewa. Mgeni anaweza kutazama mlango akimsubiri. Sema "My husband died in 2017", na neno halitayumba.

SEHEMU YA TATU: UKOO WA NENO

Tazama kitenzi chetu "kukimbia". Kimezaa mkimbiaji, mkimbizi, ukimbizi, kimbilio, kukimbiza. Hakuna aliyekufundisha hayo moja moja. Ulijua mzizi, ukajua vinavyotangulia na vinavyofuata. Kiingereza nacho kina mizizi na viambishi, na anayejifunza neno pekee bila ukoo wake anajichosha bure.

Chukua "employ", kuajiri. "Employer" ni mwajiri. "Employee" ni mwajiriwa. "Employment" ni ajira. "Unemployed" ni asiye na ajira. "Unemployment" ni ukosefu wa ajira. Umejifunza neno moja, umepata sita.

Angalia mwisho wa "employer" na "employee". Ile "-er" ni mtenda. Ile "-ee" ni kama "-wa" yetu katika mwajiriwa na mhojiwa, yule anayetendewa. "Interviewer" anahoji, "interviewee" anahojiwa. "Trainer" anafundisha, "trainee" anafundishwa. Fomu ikiuliza "Name of employer", usiandike jina lako.

Hapo utaniuliza: na "refugee", je? Ametendewa nini? Neno hili lina njia yake. Ni réfugié ya Kifaransa, yaani aliyekimbilia mahali. Mwaka 1685 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliwaondolea Waprotestanti ruhusa ya kuabudu kwa dini yao. Wengi walivuka bahari kwenda Uingereza, na Waingereza wakawaita kwa neno walilokuja nalo. Kwa hiyo neno tunaloandikiwa kwenye kadi liliingia Kiingereza likibebwa na wakimbizi waliosema Kifaransa, kama wengi wetu.

Sasa viambishi vya kukanusha. Tunasema "possible, impossible", lakini "complete, incomplete". Kwa nini mara "im", mara "in"? Jibu liko mdomoni mwako. Sisi husema nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya, wala hatusemi "nbaya". Mbele ya "b" sauti ya "n" inageuka "m", kwa sababu midomo imeshajifunga. Kiingereza hufanya vivyo hivyo mbele ya "p", "b" na "m": "impossible", "imbalance", "immature". Mbele ya "l" inakuwa "il", kama "illegal". Mbele ya "r" inakuwa "ir", kama "irregular".

Mwisho tazama "re-", yaani tena au kurudi. "Register" ni kuandikisha, "re-register" ni kuandikisha upya. "Settle" ni kukaa, "settlement" ni makazi, "resettlement" ni kuhamishiwa makazi mapya katika nchi ya tatu. "Repatriation" ina patria ya Kilatini ndani yake, nchi ya mababa, ile ile patrie ya Kifaransa: ni kurudi nchi ya baba zako. Ikitanguliwa na "voluntary", ni kurudi kwa hiari. Mtu anayejua vipande hivi hatachanganya "resettlement" na "repatriation" mkutanoni, akapiga makofi mahali pa kuuliza swali.

SEHEMU YA NNE: MANENO YANAYOTEMBEA PAMOJA

Sisi hupiga simu, hupiga pasi, hupiga picha, hupiga kura, hupiga magoti, wala hakuna anayeumia. Mgeni akituuliza kwa nini, hatuna jibu. Ndivyo maneno yalivyozoeana. Kiingereza nacho kina mazoea yake. Simu ni "make a call". Picha ni "take a photograph". Kura ni "cast a vote". Ndiyo maana usiandike neno moja daftarini. Andika neno na rafiki yake. Haya ni ya maisha yetu hapa:

"Appointment": unaipanga, "make an appointment", unaitimiza, "keep an appointment", unaikosa, "miss an appointment".

"Form" na "application": fomu unaijaza, "fill in a form". Ombi unalipeleka, "submit an application". Ukilirudisha nyuma, "withdraw an application". Ukiona neno hili "withdraw" kwenye karatasi unayotakiwa kutia sahihi, simama. Uliza kwanza unaondoa nini.

"Deadline", siku ya mwisho: ukiwahi, "meet a deadline"; ukichelewa, "miss a deadline"; ikisogezwa mbele, "extend a deadline".

"Decision": anayeamua, "make a decision". Asiyeridhika, "appeal against a decision". Barua ikiwa na maneno "within 30 days", hesabu siku, na siku zenyewe zinahesabiwa tangu lini, uliza.

"Exam": kuufanya mtihani ni "sit an exam" au "take an exam". Kuufaulu ni "pass an exam". Hapa Kifaransa kinarudi tena kutuponza, kwa maana passer un examen ni kuufanya tu. Ukisema "I passed the exam in July", umesema umefaulu, na watataka cheti.

Maneno mengine yana rafiki mdogo asiyeachana nalo. Usijifunze "apply" peke yake: ni "apply for a job", "apply to a school". "Eligible for" ni mwenye sifa za kupata jambo fulani. "Entitled to" ni mwenye haki ya kupata. Tofauti yake si ndogo: "eligible" anaweza kufikiriwa, "entitled" anastahili kupewa.

SEHEMU YA TANO: MANENO UTAYATOA WAPI, NA UTAYATUNZAJE?

Wengi husema, "Sina vitabu." Kambi imejaa Kiingereza. Kiko kwenye pakiti ya dawa: "twice daily", mara mbili kwa siku, "before meals", kabla ya kula. Kiko kwenye kopo la mafuta: "fortified with vitamins", yaani yameongezewa vitamini, "best before", tumia kabla ya tarehe hii. Kiko ubaoni. Chukua sentensi kama hii: "Persons who fail to appear in person will not be served." Mtu wa kiwango cha katikati ataona "fail" afikirie kufeli mtihani. Lakini "fail to appear" ni kutofika, "in person" ni wewe mwenyewe bila kumtuma mtu, na "served" ni kuhudumiwa. Sentensi moja, maneno matatu, na chakula cha mwezi.

Ukitaka kujua maneno gani yatangulie, walimu walishafanya kazi hiyo. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West, aliyefundisha miaka mingi Bengal, alitoa orodha ya maneno yapatayo 2,000 yanayotumika zaidi. Ukishayamaliza hayo, mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya koo 570 za maneno yanayorudi mara kwa mara katika vitabu vya masomo ya juu. Ndani yake mna "available", "require", "assess", "benefit", "authority", "similar", "structure". Anayetaka chuo aanze na hayo. Na utaona kwamba mengi Kifaransa kimeshakufundisha.

Sasa kutunza. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, akapima amesahau kiasi gani. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni kabisa, saa na siku za kwanza, kisha kasi inapungua. Maana yake kwetu ni nyepesi: neno la leo lirudie leo jioni na kesho. Ukingoja mwisho wa mwezi, unajifunza upya.

Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza njia ya visanduku, ambayo haihitaji fedha. Fanya hivi:

Kata katoni iwe vipande vidogo, ukubwa wa kadi ya karata. Upande mmoja andika sentensi yenye pengo. Upande wa pili andika neno, ukoo wake na rafiki zake. Kwa mfano, mbele: "I cannot come on Monday, I have an...... at the clinic." Nyuma: "appointment, make, keep, miss an appointment".

Tafuta visanduku vitatu. Kadi mpya zote zikae kisanduku cha 1, uzisome kila siku. Ukipatia, kadi inahamia cha 2, kinachosomwa kila baada ya siku 3. Ukipatia tena, inahamia cha 3, kinachosomwa mara moja kwa wiki. Ukikosea popote, kadi inarudi cha 1, bila huruma.

Maneno 5 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ni maneno 30. Kwa mwaka ni zaidi ya 1,500. Anayenakili kamusi kurasa nzima usiku mmoja hafiki huko. Na neno jipya lisilale bila kutumiwa: liseme kwa jirani, mwandikie mtoto, liweke katika barua.

ZOEZI

Kila sentensi hapa ina kosa la maana, ingawa sarufi yake ni sawa. Isahihishe ili iseme kile ambacho msemaji alitaka. Usitazame majibu kwanza.

1. Alitaka kusema alihudhuria mafunzo: "I assisted the training."
2. Alitaka kusema hajui tarehe: "I ignore the date."
3. Alitaka kusema kwa sasa anaishi na shangazi: "Actually I live with my aunt."
4. Alitaka kusema walimtukana: "They injured me."
5. Alitaka kusema nyumba haina watu: "The house is inhabited."
6. Alitaka kusema huenda watarudi mwakani: "Eventually they will return next year."
7. Alitaka kusema alifanya mtihani, matokeo bado: "I passed the exam."
8. Alitaka kusema anamlea mtoto wa dada yake: "She is my daughter."

MAJIBU

1. "I attended the training." 2. "I do not know the date." 3. "At present I live with my aunt." 4. "They insulted me." 5. "The house is uninhabited." 6. "Perhaps they will return next year." 7. "I sat the exam." 8. "She is my niece. I am her guardian."

Ukipata 7 au 8, umefika mbali, saidia mwenzako. Ukipata 4 au chini, usione aibu. Mimi siku ile ya mahojiano nisingepata hata 3.

NENO LA MWISHO

Maneno muhimu kuliko yote ya mtu wa kiwango cha juu ni yale ya kuuliza. Yakariri: "What do you mean by that word?" "Could you read back what you have written, please?" "That is not what I meant." "May I have an interpreter?" Katika mahojiano ya ukimbizi unaruhusiwa kuomba mkalimani hata kama Kiingereza unakijua, na kumwomba hakukupunguzii elimu.

Kaka yangu sasa tunakaa naye nyumba moja. Yeye Kiingereza hakukisoma. Alipohojiwa aliomba mkalimani, akasema habari zake kwa Kiswahili, polepole, na faili lake halina kosa hata moja. Siku hizi ndiye anayenisikiliza kadi zangu za kisanduku cha 1 jioni. Nikikosea, anairudisha mwenyewe.

Kata katoni yako leo, andika kadi 5 za kwanza, uje nazo darasani.